Magari Ambayo Hayakupita Uchochoroni

Siku hizo, kabla lami haijafika mtaani, saa tisa alasiri ilikuwa na mlio wake. Ulikuwa mlio wa chupa. Ukiwa popote kati ya shule ya chekechea na karakana ya fundi baiskeli, ungesikia kling, kling, kling, kisha kimya kidogo, kisha kling nzito zaidi, nawe ukajua kwamba Babu amemaliza chupa nyeupe na sasa anaingia kwenye za kahawia.

Mlio huo ndio uliomvuta Chiriku kila alipotoka shuleni. Chiriku lilikuwa jina la utani, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na mama yake alikuwa dobi wa hospitali ambaye hakurudi nyumbani kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili, Chiriku alikuwa mali ya Babu, baba mzazi wa mama yake, na ya yadi aliyoisimamia.

Yadi ilikuwa mwisho wa uchochoro. Kilikuwa kiwanja kilichozungushiwa mabati, ukubwa wake kama madarasa mawili. Ndani yake kulikuwa na mapipa manane makubwa, kila moja na kazi yake: chupa nyeupe, chupa za kahawia, chupa za kijani, makopo, plastiki ngumu, plastiki laini, karatasi na maboksi. Watu wa mtaa walichambua taka zao nyumbani, wakazileta, na Babu akazipokea. Zikijaa, zilifungwa marobota na kupelekwa kiwandani kutengenezwa vitu vipya. Lori la halmashauri halikuweza kuingia uchochoroni. Liliegeshwa barabara kuu, na marobota yakasukumwa kwa mkokoteni mpaka huko.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Leo mwalimu kafundisha, au umefundisha wewe?"

"Amefundisha yeye, Babu. Mimi nilisaidia tu."

"Nilijua. Haya, vaa glavu. Na hiyo chupa ya kahawia uliyoshika, mbona unaipeleka kwa mashemeji? Ipeleke kwa ndugu zake."

Hivyo ndivyo Babu alivyosema kuhusu kila kitu. Kopo lilikuwa na ndugu zake, boksi lilikuwa na ndugu zake, na mtu aliyechanganya alikuwa amevunja ukoo. Harufu ya yadi ilikuwa ya boksi lililoloa na sabuni ya kuoshea makopo. Chiriku ni mtu mzima sasa, lakini mpaka leo akipita penye maboksi yaliyonyeshewa, miguu yake hutaka kukata kona na kuingia uchochoroni.

Wakifanya kazi, Babu alisimulia. Alisimulia kwamba zamani pale palikuwa jalala. Taka zote za mtaa zilitupwa pale, mfereji ukaziba, maji yakatuama, na kila msimu wa mvua watoto waliharisha. Mama yake Chiriku mwenyewe, akiwa mtoto wa miaka minne, alilazwa siku tisa. Alipotoka hospitali, Babu alichukua koleo akaenda kwenye jalala peke yake. Siku ya tatu akajiunga naye fundi baiskeli, wakati huo kijana asiye na ndevu. Siku ya kumi walikuwa watu thelathini. Baadaye halmashauri ilikubali pawe kituo cha kuchambua taka, na Babu akawa msimamizi wake.

Chiriku aliijua hadithi hiyo neno kwa neno. Hata hivyo aliitaka kila siku.

Jumatatu moja alikuta mgeni yadini. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye buti za vumbi na utepe wa kupimia mkononi. Alikuwa afisa mipango miji kutoka halmashauri. Alipima lango, akapima uchochoro, akaandika.

"Mita tatu na robo," alisema. "Gari dogo linapita kweli hapa?"

"Jumamosi seremala huleta maranda na maboksi kwa pikapu yake," Babu alijibu. "Inapita, lakini hukunja masikio kwanza."

"Masikio?"

"Vile vioo vya pembeni."

Yule afisa alicheka. Kisha akaeleza jambo lake. Halmashauri ilikuwa inapanga upya vituo vyote vya taka za majumbani. Kuanzia kesho yake, kwa siku saba, kila kituo kihesabu wanaoleta taka. Alimpa Babu fomu zenye safu tatu: wanaokuja kwa miguu, wanaokuja na mkokoteni au toroli, na wanaokuja na gari. Kila anayeingia, mstari mmoja.

"Msiongeze, msipunguze," alisema. "Tukishajua kila kituo kina mzigo gani, ndipo tutajua cha kufanya."

Chiriku hakuyasikia maneno hayo. Alikuwa ametumwa kuchota maji. Alichokisikia alikisikia jioni, alipopita kwenye karakana ya fundi baiskeli, ambaye alikuwa anajaza upepo huku akizungumza na kila aliyepita.

"Wanahesabu watu, eti," alisema fundi. "Mimi nawajua hawa. Wakiona kituo kina watu kiduchu, wanakifunga. Mzee wako atapelekwa kule nyuma ya machinjio, kilomita sita, na mguu wake ule mbovu. Atafika lini?"

"Nani kakwambia, mjomba?"

"Nani aniambie? Si najua tu!"

Kweli, fundi alikuwa anajua tu. Hakuwa ameambiwa na mtu yeyote. Lakini Chiriku alifika nyumbani akiwa ameyaamini yote.

Utaratibu wa kuhesabu waliuweka hivi. Babu alikuwa na mikono miwili tu, na yote ilikuwa na kazi, kwa hiyo hakuweza kushika kalamu na fomu kila mtu alipoingia. Alitumia chaki. Mtu akiingia, Babu alichora mstari kwenye safu yake katika bati la lango: minne imesimama, wa tano unalala juu yake, fungu limetimia. Saa kumi na mbili jioni, Chiriku alihesabu mafungu, akayahamishia kwenye fomu kwa kalamu ya wino, kisha Babu akafuta bati kwa kitambaa kilicholoa, tayari kwa kesho.

Siku ya kwanza Chiriku alihesabu thelathini na wanane kwa miguu na watatu kwa mkokoteni. Safu ya magari ilikuwa sifuri.

Sifuri ile ilimkera kama kokoto ndani ya kiatu. Watu arobaini na mmoja, ni wengi au ni kiduchu? Aliona machinjio, aliona kilomita sita, aliona Babu akivuta mguu wake juani. Aligeuka. Babu alikuwa ameinama kwenye pipa la makopo, kichwa chote kimezama.

Chiriku akachora fungu moja la nyongeza. Wino ulikauka. Hakuna mbingu iliyoanguka. Akachora jingine, na jingine, mpaka waendao kwa miguu wakawa themanini na wanane. Kisha akafikiria kwamba magari ndiyo huonekana ya maana zaidi mbele ya watu wa ofisini. Akaweka magari matano.

Siku ya pili akaweka magari tisa. Siku ya tatu, kumi na mawili, maana aliona kituo kinachokua kinapendeza zaidi. Kutia chumvi kuna utamu wake. Ukishaonja kidogo, mkono haurudi. Jumamosi, siku ambayo seremala alikuja kweli na pikapu yake moja iliyokunja masikio, fomu ilisema magari ishirini na sita. Siku saba zilipoisha, yadi ya Babu kwenye karatasi ilikuwa na pilikapilika kuliko soko.

"Nipe nitie sahihi," alisema Babu, akitafuta miwani yake mfukoni. Kioo chake kimoja kilikuwa na ufa.

"Hutaki kuangalia kwanza, Babu?"

"Niangalie nini? Wewe ndiye macho yangu." Akatia sahihi pale chini.

 Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lake, Chiriku alitembea mpaka nyumbani bila kusema neno.

Wiki mbili zilipita. Halafu, alasiri moja, alikuta karatasi imebandikwa langoni. Babu alikuwa amesimama mbele yake, miwani mkononi.

"Nisomee," alisema. "Herufi zenyewe kama sisimizi."

Chiriku alisoma kwa sauti. Ilikuwa taarifa ya mapendekezo ya mpango. Ilisema kwamba kwa kuwa kituo hiki kinapokea hadi magari ishirini na sita kwa siku, kwenye njia yenye upana wa mita tatu na robo, jirani na shule ya chekechea, usalama wa watoto uko hatarini. Ilisema kwamba kwa idadi kubwa namna hiyo ya watumiaji, eneo halitoshi. Kwa hiyo inapendekezwa kituo kihamishiwe kwenye kiwanja kikubwa zaidi nyuma ya machinjio. Kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi kitafanyika baada ya siku kumi.

 Chiriku alitaka yadi ionekane kubwa ili isifungwe. Sasa ilikuwa inahamishwa kwa sababu imeonekana kubwa.

"Magari?" aliuliza Babu polepole. "Magari gani?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Maneno yalikuwepo, yamepanga foleni mdomoni. Lakini Babu alikwisha kuketi juu ya kreti, ameshika kichwa.

"Mimi ndiye niliyechora," alisema. "Ina maana nilichora pasipo na kitu. Ishirini na sita! Chiriku, hukuona kwamba babu yako anachora ovyo?"

"Sikuona, Babu," alisema Chiriku. Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulimchoma kuliko ule wa kwanza.

Siku zilizofuata Babu alibadilika. Aliweka chupa ya kijani kwenye pipa la kahawia, akaitoa, akaitazama, akairudisha palepale. Alimwuliza fundi baiskeli mara mbili kama leo ni Jumatano. Zile hadithi zake aliziacha katikati, akasema, "Sijui ilikuwa siku ya tatu au ya nne. Labda haikuwa hivyo." Jioni moja wakiwa wanakula, alimgeukia Mama.

"Hivi, mwanangu, umeona nasahau sana siku hizi?"

"Baba, wewe unasahau pale tu ninapokuomba uoshe kikombe chako," alijibu Mama. "Hapo unasahau hata njia ya kwenda kwenye beseni."

Babu alicheka kidogo. Mama hakucheka. Alipokwenda kuosha vyombo, alisugua sufuria moja kwa muda mrefu sana, ilhali ilikuwa safi tangu mwanzo. Chiriku aliona. Akasukuma sahani yake kando.

"Una nini wewe?" Mama aliuliza bila kugeuka. "Siku ya sita sasa nyumba haina kelele. Unaumwa?"

"Hapana, Mama."

"Basi kama huumwi, una jambo. Mimi sina muda wa kubembeleza mtu. Likikushinda, mlango wangu unaujua."

Chiriku aliujua mlango. Aliusogelea mara tatu siku zile, na mara tatu akarudi.

Kikao kilifanyika Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa halmashauri. Kulikuwa na viti vya plastiki na feni moja iliyolia kama mlango mbovu. Karibu mtaa mzima ulikuja. Mbele aliketi mwenyekiti wa kamati ya mipango, bwana mnene mwenye miwani aliyoisukuma juu ya paji la uso. Yule afisa mipango alisimama kando ya ramani kubwa, akaeleza mapendekezo kwa utulivu. Hakuwa mtu mbaya. Alionyesha njia, shule ya chekechea, na takwimu.

"Samahani!" fundi baiskeli aliruka juu. "Mimi niko mwanzo wa uchochoro ule tangu sijaota ndevu. Magari ishirini na sita? Hata kama yangepita angani, ningeyasikia!"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mwenyekiti aligonga meza.

"Ndugu yangu, fomu imetiwa sahihi na msimamizi wa yadi mwenyewe. Sisi tuamini fomu, au masikio yako?"

Kicheko kikakatika. Watu wote wakageuka kumtazama Babu.

Babu aliinuka, akashika mgongo wa kiti kwa sababu ya mguu wake. Alikuwa amevaa shati lake la shughuli, lile la mikono mirefu.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, "sahihi ni yangu na kosa ni langu. Nimeisimamia yadi ile miaka ishirini na minane. Sasa naona akili imeanza kuniacha. Nachora vitu ambavyo havipo. Naomba kazi yangu apewe mtu mwingine, mwenye macho yake na kichwa chake. Mimi nitakaa nyumbani. Lakini yadi isihamishwe, maana magari yale, nadhani, niliyaota."

 Feni ililia. Mama alikuwa ameinamisha uso.

Mkono wa Chiriku uliinuka juu kabla hajajua kwamba ameuinua.

"Huyo binti anataka nini?" aliuliza mwenyekiti.

Chiriku alisimama. Alijikaza kisabuni. "Babu hakuota," alisema, na sauti ilitoka nyembamba. "Babu alichora sawasawa. Siku ya kwanza walikuwa watu arobaini na mmoja na hakuna gari. Mimi ndiye niliyekuwa nahamishia kwenye fomu. Mimi ndiye niliyeongeza. Niliogopa wakiwa wachache yadi itafungwa. Magari yote ni yangu. Isipokuwa moja, la seremala."

Minong'ono ilienea ukumbini kama maji. Seremala, aliyekuwa ameketi nyuma, alisema, "Kweli, moja ni langu," watu wakamwambia anyamaze.

Chiriku hakumtazama mwenyekiti. Alimtazama Babu. Babu alikuwa bado amesimama, na kitu fulani usoni mwake kilikuwa kinafunguka polepole, kama mtu aliyetua mzigo na hajaamini bado.

"Kwa hiyo nilichora sawasawa?" aliuliza.

"Ndiyo, Babu. Kila siku."

Babu akaketi. Mama akamshika mkono.

Afisa mipango alikunja uso. "Binti," alisema, "niliupanga mpango wote kwa fomu ile. Nilikesha nayo. Sasa unaniambia ilikuwa uongo, na unataka nikuamini kwamba haya ya leo ni kweli. Nitajuaje?"

 Mama ndiye aliyejibu, akiwa amekwisha kuinuka.

"Hutajua," alisema. "Asiaminiwe. Njoo uhesabu mwenyewe."

Mwenyekiti aliteremsha miwani yake, akashauriana na wenzake, kisha akatangaza kwamba uamuzi umeahirishwa. Hesabu itarudiwa siku saba, na safari hii itafanywa na afisa mwenyewe.

Wiki ile ndiyo ambayo Chiriku huikumbuka kuliko zote. Yule afisa alikuja kila siku na buti zake, akakaa langoni juu ya kreti la soda na kofia pana kichwani. Chiriku alipigwa marufuku kugusa kalamu, chaki, au chochote chenye uwezo wa kuchora mstari. Adhabu yake Mama aliitoa kwa maneno mafupi: "Uliongeza magari. Sasa utaosha mapipa. Mwezi mzima." Kwa hiyo alikuwa ndani ya pipa la plastiki laini, ameshika brashi, alipomwona fundi baiskeli akiingia na mfuko wa makopo kwa mara ya tatu asubuhi ileile ya Jumamosi.

"Mjomba, makopo hayo si ndiyo uliyoleta saa mbili?"

"Nyamaza wewe," fundi alinong'ona. "Nazungukia nyuma ya ukuta nayatoa kwenye pipa. Nataka tufike hamsini. Hamsini ni idadi nzuri."

"Mjomba, usinisaidie!"

"Mtoto huyu! Nakutoa kwenye shimo, unanirushia mchanga?"

"Shimo lenyewe nililichimba hivyohivyo," alisema Chiriku. "Tafadhali."

Nyuma yake alikuja mama mmoja wa jirani, ambaye yeye alikuwa amejitosa upande wa pili. Alikuwa amesimama nje na toroli lililojaa chupa, hataki kuingia. "Nimesikia wakiwa wengi tunahamishwa," alisema. "Nitaleta wiki ijayo, acha zikae kwangu."

Ikabidi Chiriku atoke ndani ya pipa, maji machafu yakimchuruzika viwikoni, aseme kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa uchochoro: "Jamani! Mwenye taka alete taka! Asiye na taka akae nyumbani! Msiongeze mtu na msipunguze mtu!"

Afisa mipango, juu ya kreti lake, aliandika mstari mmoja kwa ajili ya toroli la chupa. Kisha akamfuta fundi mara mbili. "Nilimwona tangu mara ya pili," alisema. "Kofia ameibadilisha, lakini ndevu ni zilezile."

Mchana watu walipopungua, Babu alimsimulia yule afisa habari za jalala, za mfereji ulioziba, za siku tisa hospitalini. Alisimulia moja kwa moja, bila kusitasita. "Siku ya tatu alikuja fundi, siku ya kumi tulikuwa thelathini," alisema, na Chiriku, akiwa ndani ya pipa, aliyasikia maneno yale yakirudi mahali pake, akasugua huku machozi yakimtoka. Ilikuwa vizuri kwamba pipa lilikuwa refu.

Uamuzi ulikuja baada ya wiki tatu. Babu aliukuta langoni, na safari hii aliusoma mwenyewe kwa miwani mpya, maana Mama alimburuta kwa daktari wa macho bila kumwuliza. Hesabu ya kweli ilikuwa wastani wa watu arobaini na watatu kwa siku, mikokoteni mitatu, na gari moja kwa wiki. Kamati iliona kwamba mzigo huo unalingana na eneo, na kwamba watu wengi wa jirani wasingeweza kutembea kilomita sita na taka zao. Taka zingeishia kwenye mfereji uleule wa zamani. Kituo kitabaki. Gari lolote halitaingia tena uchochoroni, hata likikunja masikio. Upande wa shule ya chekechea utajengwa ukuta, na juu ya mapipa patawekwa paa.

Mtaa ulishangilia. Fundi baiskeli alimwambia kila mtu kwamba ni yeye aliyeokoa yadi kwa masikio yake.

Jioni hiyo Mama alitoka kazini akaja moja kwa moja yadini. Alisafisha kreti kwa mkono, akaketi. Chiriku alikuwa na siku chache zimebaki za adhabu yake, na pipa lilikuwa limelazwa ubavu mbele yake.

"Nisikilize, maana nitasema mara moja," Mama alianza. "Watu wanaopanga mji hawaishi uchochoroni kwetu. Wanachojua ni kile tunachowaambia. Ukiwaambia uongo, watapanga kwa ajili ya mtaa ambao haupo, na sisi tuliopo tutaumia. Yule afisa hakukosea. Alipanga vizuri kabisa kwa ajili ya magari yako ishirini na sita. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Hilo ni la kwanza. La pili ndilo lililoniuma. Uliandika uongo ule ukidhani unamdanganya mtu wa ofisini usiyemjua. Ukampata nani?"

Chiriku aligeuza macho. Babu alikuwa hatua chache tu, anafunga robota la maboksi.

"Siku kumi nzima, baba yangu aliamini anapoteza akili," alisema Mama. Sauti yake ngumu ilitikisika kidogo, kisha ikanyooka. "Ukishautoa uongo, huwezi kuuchagulia wa kumwangukia. Unampenda mtu? Sema kweli, hata ikiwa ndogo, hata ikiwa arobaini na mmoja tu."

Chiriku aliweka brashi chini, akaenda mpaka kwa Babu. "Nisamehe, Babu," alisema. Safari hii hakuongeza neno lolote.

Babu alikaza kamba ya robota, akapiga fundo, ndipo akajibu.

"Nilikusamehe palepale ukumbini. Nilipoketi chini siku ile, sikujua kama yadi itabaki au itaondoka. Ningeweza kuikosa, nikaishi. Lakini wewe ulinirudishia kichwa changu mbele ya watu wote, mjukuu wangu, na ulijua utachekwa. Si watu wazima wengi wangeweza kuinua mkono ule."

Mama alijifuta uso kwa kanga ya kichwani, haraka, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Kisha akainuka.

"Haya, yatosha," alisema. "Sugua. Hilo pipa bado linanuka."